Kamba ya Mtoto, Nyumba ya Mapipa

Watu wa Sumbawanga wakisikia naishi juu ya maji, huniuliza kwanza habari za mamba. Mamba wapo, sikatai. Lakini kinachozamisha nyumba inayoelea ni uzito uliokaa vibaya. Hilo lilinichukua muda kulielewa, maana mimi ni mtoto wa wakulima wa Izia, hukohuko Sumbawanga juu, na kwetu nyumba isiyo na magunia ya mahindi ukutani si nyumba.

Tulihamia majini kwa sababu ziwa lilitufuata. Tulikuwa na nyumba ya udongo bondeni, chini ya Ilemba, mbali kabisa na ufuko, na Ziwa Rukwa likawa linasogea kila masika mpaka likaingia jikoni. Mume wangu ni fundi mitumbwi, Msukuma aliyekuja huku mdogo na ng'ombe wa baba yake. Akasema tumekimbia vya kutosha, sasa ziwa litubebe. Akafunga mapipa ya plastiki chini ya mbao, kuta akaweka matete, juu nyasi. Mapipa ya chuma usiyaguse, maji yetu yana magadi, yanakula chuma. Kamba za nanga ziwe ndefu, na uzikague kila upepo ukitulia. Jiko la mkaa likae ndani ya karai lenye mchanga. Maji ya kunywa utayafuata kisimani nchi kavu, na choo kiko hukohuko, kwa hiyo mvivu wa kupiga kasia abaki kwao.

Halafu kila mtu awe na mahali pake. Mume wangu hukaa upande wa mlango, mimi upande wa jiko, na mgeni akipanda mmoja wetu anahama. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha miaka mitatu, tulimfundisha kama mchezo: nyumba ikiinama, chukua kigoda chako uende kule kulikopanda. Na muda wote ambao hakuwa mikononi mwetu, tulimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili nguzoni.

Kamba hiyo ndiyo iliyomshusha mama yangu bondeni. Kuna mbea mmoja alimfikishia habari kwamba mjukuu wake anafungwa kama mbuzi. Akanipigia simu.

"Nakuja kumchukua," akasema. "Atakulia Izia, kwenye ardhi. Kulea mimba si kazi, mwanangu, kazi kulea mwana, na wewe imekushinda."

Hasira zangu ziko karibu, nilimkatia simu. Kisha nikakaa nikalia, kwa sababu mama akisema anachukua, anachukua. Na bibi kulea mjukuu ni jambo la kawaida kwetu. Nani angenitetea?

Alikuja na gunia la mahindi, kiroba cha ulezi, na kitenge kipya cha kumbebea mtoto. Mimi nilikiona kitenge kwanza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamvusha kwa mtumbwi.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Mwanaume mwenye adabu habanani chumba kimoja na mama mkwe wake. Akamwamkia macho yakiwa chini, akapokea mizigo, akaiweka palepale mlangoni, kisha akashukia mtumbwini ili kumpisha. Heshima nzuri, mahali pabaya. Mama akaingia akasimama kando ya mizigo yake, nami nikiwa bado kizingitini nyuma yake, na upande wa jiko hakuna mtu. Nyumba ikaanza kuinama taratibu. Sufuria ikateleza, maji yakapanda juu ya mbao, yakamlowesha mama miguu.

"Yesu na Maria," akasema kwa sauti ndogo, akaikumbatia nguzo.

Mimi nilichowaza ni kwamba basi, mtoto ameshakwenda Izia. Mama angekuwa na ushahidi gani zaidi ya huo?

Binti yetu akachukua kigoda chake. Akaipanda ile sakafu iliyoinama huku akiburuta kamba, akaenda kukaa upande wa jiko. Uzito wake haufiki hata nusu gunia, nyumba haikumsikia. Akamtazama bibi yake, akapigapiga ubao uliokuwa kando yake.

"Bibi, njoo huku. Huko kunazama."

Mama yangu hajawahi kupangiwa na mtu pa kukaa, hata kanisani. Siku hiyo aliiachia nguzo, akavuka sakafu, akakaa chini pembeni ya mtoto. Nyumba ikanyooka. Kisha akanyoosha mkono kwenye kiuno cha mtoto, akaishika kamba. Nilijua anaifungua. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Akaisogeza kidogo, akatazama ngozi iliyokuwa chini yake, akairudisha ilivyokuwa.

Alikaa nasi siku chache. Alilalamikia choo, akalalamikia upepo, akanigombeza kwa kuwa ulezi wake niliugawa mafungu mawili nikaweka huku na huku. Mtoto alikuwa akimwonyesha pa kukaa, naye anakaa.

Asubuhi ya kuondoka aliingia mtumbwini bila mtoto. Kitenge nilikiona kimekunjwa juu ya kigoda, bado kigumu kwa gundi ya dukani. Nikadhani amekisahau, nikamwita nimrudishie.

"Kiache," akasema. "Kipasue umsokotee kamba nyingine. Hiyo inamchubua."