Siku Walipokuja Kuangalia Tunavyokula

Nilipoolewa Goma, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuta nyumba ya watu wawili na vumbi la mbao kila mahali: juu ya vitanda, ndani ya chumvi, kwenye kitambaa cha kichwa cha mama mkwe wangu. Nilitoka Kalengera, kwa watu wa kulima maharage, na juu ya miti sikujua kitu isipokuwa kuni. Mume wangu alikuwa seremala katika atelie, karakana ya Mbelgiji mmoja karibu na ziwa. Huko alitengeneza meza na kabati za wazungu wenye mashamba ya kahawa. Jioni alifanya kazi zake mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, upande wa Mabanga, ambako wakati ule mawe meusi ya volkeno yalikuwa mengi kuliko nyumba.

Kazi yangu ikawa kulainisha. Alinipa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akanionyesha namna ya kufuata mistari ya mbao, kisha kupaka mafuta kidogo kwa kitambaa.

"Usisugue kinyume," aliniambia. "Ukisugua kinyume, mkwaruzo hautoki tena."

Nilijifunza haraka. Niliipenda ile saa ambapo ubao wa libuyu, ule mti mgumu wa msituni, uliokuja mchafu kama mlango wa zizi, unaanza kuwa mwekundu chini ya kiganja changu. Yeye alipiga randa, mimi nilimalizia nyuma yake, na hatukuwa na haja ya maneno mengi. Kama kuna wakati nilikuwa na furaha katika ndoa ile, ni huo.

Mama yake alikuwa mwanamke wa milima ya Masisi, mrefu, wa sauti ndogo. Marehemu mume wake alikuwa mchongaji wa vyombo vya maziwa, na aliposhuka kuja kuishi kwa mtoto wake alibeba vile vilivyobaki: chombo cha kukamulia chenye shingo nyembamba, mabakuli ya chakula, mwiko mrefu, na kibakuli kimoja chembamba hivi kwamba ukikiinua kwenye jua uliona mwanga ukipita. Hakumwachia mtu avioshe. Alivifukiza mwenyewe kwa majani makavu juu ya makaa, na maziwa yaliyolala humo yalikuwa na harufu ambayo mpaka leo siipati popote. Tulikula kwenye mkeka, sote watatu, kutoka bakuli moja, kwa mkono.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kabati. Ilikuwa kabati kubwa ya hoteli moja ya wazungu, na mume wangu aliifanyia kazi msimu mzima wa mvua. Baada ya kuipeleka, walituma habari kwamba mlango wake unakwama. Akavaa shati safi, akachukua patasi, akaenda. Mlinzi, Mwafrika kama sisi, alimzuia kwenye ngazi. Akamwambia kuna wageni ndani, na mtu mweusi haingii mle wageni wakiwepo ila awe boi. Akangoja uani, karibu na jikoni, mpaka wale wazungu walipomaliza chakula chao na kahawa yao. Akaingia, akapunguza mlango, akafagia takataka zake, akatoka. Aliporudi nyumbani hakula.

"Nitatafuta karti," alisema.

Nieleze karti ilikuwa nini, maana watoto wa leo hawaijui. Serikali ya Wabelgiji ilimpa karti Mwafrika waliyemwona "ameendelea". Mwenye karti alipita sehemu ambazo sisi wengine hatukupita, na polisi hawakumtendea kama walivyotutendea sisi. Lakini kwanza wazungu walikuja nyumbani kwako kuangalia. Waliangalia kitanda, choo, masufuria, mke wako, na namna mnavyokula.

Tangu siku ile mikono yake haikupumzika. Alitengeneza meza ya libuyu kwa ajili yetu, na viti vyenye mgongo uliopinda kidogo ili mtu aegemee vizuri. Nimeona meza nyingi maishani. Sijaona nyingine kama ile. Miguu yake ilikuwa myembamba, na mahali mbao zilipokutana ukipitisha ukucha haukukwama. Niliilainisha mpaka vidole vikatoka damu, na sikulalamika, kwa sababu niliamini tunaitengeneza ili tuitumie.

Kisha akaanza kunitengeneza mimi. Akanunua sahani na forsheti, yaani uma. Akaniketisha kwenye kiti, akakaa mbele yangu, akaangalia kila tonge linavyoingia mdomoni. "Usiiname. Leta chakula kwako, usikifuate." Akanifundisha kusema kwa Kifaransa kwamba naitwa madamu fulani, kwamba karibuni mukae, kwamba tunakula mboga kila siku. Mama mkwe alikaa mlangoni pa jiko akitutazama. Siku moja akauliza, bila ubaya wowote:

"Na mimi, mutoto wangu, nitakaa wapi siku hiyo?"

Mume wangu aliendelea kufuta uma na kitambaa. "Mama, utaenda kwa dada yako Masisi. Siku chache tu."

"Niko na aibu gani?"

"Sisemi aibu. Wale watu wana macho yao."

"Na vyombo vya baba yako?"

"Hivyo navyo watavitazama vibaya, Mama. Chukua uende navyo."

Mama akafikiri. "Lori litavivunja," alisema. "Nitaviacha. Uviweke mahali pazuri."

Asubuhi aliyoondoka alivifunga mwenyewe kwa majani ya ndizi na kipande cha blanketi, kimoja kimoja. Mume wangu alivibeba nyuma, kwenye kibanda cha kazi, akavifunika na turubai chini ya mbao. Mama alipanda lori la Sake, kwenye njia ya Masisi, bila kugeuka. Nilisimama barabarani nikijua kwamba jambo baya limefanyika nyumbani kwetu, lakini nilikuwa mke mpya na sikuwa na mahali pa kulisemea.

Walikuja watatu: bwana wa serikali, padri, na madamu mmoja, mke wa mwenye shamba la kahawa. Padri alikuwa na haya, alitazama sana viatu vyake. Bwana wa serikali alifunua shuka. Alifungua masufuria yangu akanusa. Alienda chooni akarudi. Kisha wakaniambia niandae chakula, mimi na mume wangu tukae tule, na wao wakakaa pembeni wakatutazama.

Nilikuwa nimepika nyama na viazi. Kipande cha kiazi kilianguka mezani, nikakiokota kwa vidole, nikakirudisha kwenye sahani. Mume wangu hakuinua macho. Bwana aliniuliza kitu kwa Kifaransa ambacho hakikuwa miongoni mwa vile nilivyofundishwa. Nikajibu kwamba tunakula mboga kila siku. Madamu alicheka kidogo, akajizuia.

Kisha yule bwana akapitisha mkono juu ya meza, akainama akaangalia chini yake.

"Mbao hizi umezitoa wapi?"

"Nimenunua kwa wapasua mbao wa Lac Vert, bwana. Meza nimefanya mwenyewe."

"Patro wako wa atelie anajua?"

"Anajua, bwana."

Hakusema kama meza ni nzuri au mbaya. Alitaka tu kujua kama imeibiwa.

Wakati huo madamu alikuwa ametoka nyuma kuona mahali pa kazi. Tulisikia akimwita padri. Tulipofika alikuwa ameinua turubai, amefungua blanketi ya mama, na kile kibakuli chembamba kilikuwa mikononi mwake. Alikigeuza, akakiweka shavuni. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Ndani ya nyumba alikaa kama mtu aliye kwa daktari. Sasa alikuwa kama mtoto. Akasema maneno mengi, padri akayatafsiri kwa Kiswahili: kwamba hivi ndivyo vitu vya kweli, kwamba siku hizi havionekani tena, kwamba anaviomba.

Nilimtazama mume wangu. Nilingoja aseme, "Ni vya mama yangu." Maneno hayo hayakuwa mengi, hata kwa Kifaransa aliyaweza.

"Madamu avichukue," alisema. "Ni vya zamani."

Akavibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari. Vyote, na mwiko. Madamu alimshika mkono kumshukuru, na nadhani mume wangu aliona karti imeshapatikana.

Hawakumpa. Siku aliyoitwa kuambiwa, alirudi akavua shati safi, akalikunja.

"Wamesema ni wewe," aliniambia.

"Mimi nini?"

"Kwamba mimi niko sawa, lakini bibi yangu bado. Kwamba mutu haendelei peke yake. Tunaweza kujaribu tena mwaka mwingine."

Alifungua tena masomo ya mezani. Sasa hakukuwa na upole. Alinipiga vidole kwa rula yake ya kazi niliposhika uma vibaya, si kwa nguvu, kama mtu anayesukuma ng'ombe. Jioni ya tatu au ya nne niliuweka uma chini.

"Ukiwaleta tena," nilisema, "watanikuta nimekaa chini kwenye mukeka na mama yako. Tutakula ugali kwa mukono, na nitawakaribisha."

Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alitoka, na tangu hapo hakunipa tena ubao wa kulainisha. Alitafuta kijana wa kumfanyia. Mimi nikaanza kuuza maharage sokoni.

Mama alirudi baada ya mavuno. Aliweka mzigo chini, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Tulimsikia akisogeza mbao. Alipotoka hakuuliza kwa ukali.

"Viko wapi?"

Mume wangu alimweleza. Alisema madamu alivipenda sana, kwamba aliviita vitu vya kweli. Alisema hivyo kama anampa mama yake zawadi.

"Mimi pia nilivipenda," alisema mama.

Alikaa kwetu miezi kadhaa akila kwenye sahani ya bati, jikoni. Kwenye meza hakukaa hata mara moja. Siku moja akamwomba mtoto wake amchongee bakuli, moja tu, kama lile jembamba. Mume wangu alifurahi kuombwa. Alitafuta kipande cha mti mzuri, akatoa tezo ya baba yake, akakaa. Niliona tangu mwanzo kwamba mkono wake umepotea. Miaka yote ile ya mbao zilizonyooka, ya rula na pembe, ilikuwa imemwondolea ile njia ya kuzunguka ya baba yake. Bakuli la kwanza lilipasuka. La pili lilikuwa zito upande mmoja, halikai. Hakukuwa na la zamani la kutazama aige. Alijaribu mpaka mama akaenda akamshika bega.

"Acha, mutoto wangu. Unaharibu miti bure."

Wiki hiyohiyo alipanda tena lori kurudi Masisi, na safari hii hakuna aliyemtuma.

Alikufa huko, wakati wa mvua. Barabara zilikuwa zimeharibika, tukafika amekwisha kuzikwa. Karti zenyewe wakati huo zilikuwa zimeanza kuwa kichekesho; watu walikuwa wakizungumza habari ya uhuru sokoni mchana. Mume wangu alikaa kwa mama yake mdogo, kofia mkononi, akauliza kama marehemu alimtaja.

"Alikutaja," alisema mama mdogo. "Kila jioni alituuliza kama huko Goma mumekula."

Mume wangu akalia, kwa sauti, mbele ya watu. Mimi sikulia. Nilitazama vilima na ng'ombe, nikafikiria vidole vyangu na ile rula.

Tulirudi juu ya lori la makaa. Huko Sake lori lilisimama, akashuka, akanunua hindi la kuchoma, akalivunja katikati, akanipa kipande kikubwa. Alinitazama kama anangoja kitu kutoka kwangu. Nilikipokea, nikala. Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa na njaa.