Siku Ekipe ya Beni Ilipokwama Njiani

Sikitu alizaliwa Beni, binti wa Jamali, dereva wa fuso aliyebeba ndizi na mbao kati ya Beni na Butembo tangu binti yake hajaota meno. Alipokuja Butembo kusomea kilimo chuoni, mzigo wake ulikuwa godoro, sahani mbili na glavu za mlinda lango. Baridi ya Butembo ilimfundisha kuvaa sweta juu ya sweta. Hata hivyo kila jioni alitoka kucheza na wasichana wenzake, kilemba kimekazwa kichwani, na aliyetaka kumfunga bao alipaswa kutoa jasho kwanza.

Mwaka ule watu wengi walikuwa wamekimbia vita vijijini upande wa Beni. Baadhi yao walipewa madarasa ya zamani ya parokia moja, karibu na hosteli ya Sikitu. Asubuhi moja alipita hapo akamkuta mama akimwosha mtoto kwa maji matupu, akimsugua kwa jani la mgomba lililokunjwa. Mama yule aliitwa Nadège. Alipoona anatazamwa, hakuinamisha kichwa.

"Sabuni ilishaisha," alisema. "Lakini buchafu haingoje sabuni."

Maneno hayo yalimfuata Sikitu mpaka darasani. Jioni aliwaambia wenzake wazo lake la timu nne za wanawake: "Tutafanya mashindano. Ekipe ine za banamuke. Mwenye kutaka kuingia alete sabuni ao kopo ya maharagi."

Grady, mkuu wa wanafunzi, aliangua kicheko. "Nani atatoa sabuni yake juu ya kutazama banamuke banakimbia?"

"Wewe utakuwa wa kwanza," Sikitu akamjibu, wala hakucheka.

Kiwanja kilikuwa kimoja tu cha kuombwa, cha shule ya sekondari ng'ambo ya bonde, na msimamizi wake alikuwa mwalimu Blaise, mtu wa Kasaï aliyeletwa Butembo na serikali. Blaise alimwonyesha majani yaliyofika kiunoni.

"Batu ya kuniomba terrain beko mingi," alisema. "Wa kukata majani, hapana hata mumoja."

"Tutakata, mwalimu."

"Siku gani?"

"Leo."

Wakaja na mapanga, wasichana wa chuo na wachuuzi wa sokoni waliokubali kuunda ekipe yao. Viganja vilitoka malengelenge. Mvua ikanyesha, goli moja likageuka dimbwi, wakaenda kwa maseremala kuomba vumbi la mbao na kulimwaga juu ya tope. Mvua ikarudi, nao wakarudi kumwaga. Blaise aliwatazama kutoka dirishani siku ya kwanza na ya pili. Iliyofuata alivua koti, akashika panga.

Ekipe ya tatu ilikuwa ya mabinti wakulima wa Vuhovi. Ya nne ingetoka Beni, na hapo Sikitu alihitaji gari la baba yake, ambaye hakuwahi kuupenda mpira wake. Alimpigia simu kumwomba awalete wasichana wa Beni.

"Bandugu ya ku musikiti batasema nini?" Jamali aliuliza.

"Batasema binti ya Jamali alitafutia batoto sabuni, baba."

Jamali akajibu: "Mwambie mwalimu wako nitabaleta."

Siku ya mashindano mawingu yalikaa chini lakini hayakumwaga kitu. Watu wa Vuhovi walifika kwa miguu wakiimba, maharagi vichwani, na chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ikiwatangulia na gunia zima. Grady alikuja na katoni ya sabuni begani, akaipitisha mlangoni. Uzio ulikuwa umejaa watu simu ya Sikitu ilipolia.

"Mwanangu, njia imefungwa," alisema Jamali. "Kuko masasi, milio ya bunduki, mbele. Basoda banarudisha kila gari. Niko na batoto ya batu nyuma, siwezi kulazimisha."

"Muko bazima?"

"Wote bazima."

"Basi rudi, baba. Rudi polepole."

Aliweka simu mfukoni, akawaambia Blaise na Grady. Blaise alimshauri waahirishe. Grady alisema watu wataanza kudai sabuni zao. Hapo Sikitu akasikia sauti nyuma yake.

"Banasema ekipe ya Beni haiko." Alikuwa Nadège.

"Haiko, mama. Njia imefungwa."

"Na sisi, tulitoka wapi?"

Sikitu alimwonyesha mabenchi pembeni ya kiwanja. "Mama, mashindano haya ni juu yenu. Tuliwawekea bancs. Mukae, mutazame."

"Kukaa, tumekaa miezi mingi," alisema Nadège. "Ku masomo nilikuwa nacheza mbele. Utupe namba."

Nyuma yake akina mama walikuwa tayari wanakaza vitenge juu ya magoti, na mmoja alikuwa akimkabidhi mama mkwe mtoto wake. Sikitu alisikia uso ukimwaka moto. Alikuwa amewafikiria watu hawa kila siku, lakini hakuwahi kuwauliza kama wanacheza. Akamgeukia Blaise: "Mwalimu, tunaanza. Ekipe ya Beni imefika."

Mechi ya kwanza walipangiwa wasichana wa chuo. Walicheza peku. Hawakuwa na pumzi ya wanafunzi, lakini walikuwa wakiitana kwa Kinande uwanja mzima, na uwanja mzima ukaanza kuwaitikia. Karibu na mwisho Nadège aliukokota mpira kutoka katikati, akawapita mabeki wawili, akapiga chini, pembeni. Sikitu aliruka vizuri, akagusa upepo. Akabaki kifudifudi kwenye vumbi la mbao huku kelele zikipanda, na Nadège akaja kumwinua.

"Pole, mwanangu."

"Usiniambie pole, mama. Mumetutoa!"

Fainali waliichukua mabinti wa Vuhovi, na hakuna aliyebisha. Sikitu alipotaka kugawa vitu vilivyokusanywa, Nadège alimwondoa kwa upole: wao wenyewe walijua nani ana kitoto kichanga na nani ana mgonjwa. Waligawa bila kugombana, na watoto wakaogeshwa povu siku hiyohiyo.

Njia ilipofunguliwa Jamali alikuja na wasichana wa Beni, akasimama pembeni ya kiwanja mikono nyuma, akatazama mechi yao dakika zote. Hakumsifu binti yake. Alimwuliza tu ni lini atapeleka mashindano Beni, maana alishazungumza na mwenye kiwanja kule.

Nadège na wenzake wanafanya mazoezi kila Alhamisi. Sikitu ndiye anayewafundisha, na akichelewa kidogo tu, wanaanza bila yeye.