Kibao changu cha mawese

Leo mwanangu kanisomea kibao changu mwenyewe, nikatamani ziwa linimeze.

Tangu shule zifungwe namfundisha Zawadi kusoma njiani. Bango la saluni, ubavu wa bajaji, majina ya boti pale ziwani Bangwe. Soma, mwanangu, soma! Mwalimu mimi!

Leo kwenye meza yangu ya mafuta ya mawese, mbele ya wateja, akasoma kwa sauti: "Hapa... nauza... mawe... safi."

"Mawese!" nikamkosoa, tena kwa ukali.

"Mama, 'se' haipo."

Nikageuka. Kweli haipo. Miezi saba kibao kiko hivyo!

Mteja wangu wa kila wiki akaangua kicheko: "Sasa ulidhani kwa nini tunakuita Mama Mawe?"

Mliokuwa mnapita mkinyamaza, jitajeni hapa chini.

Mimi nilidhani mnausifia msimamo wangu.