Pipa la Fundi wa Miguu

Mume wa dada yangu hajawahi kuelewa jambo mara ya kwanza, na hajawahi kuona haya kusema hivyo. Ukimwambia chumvi imekwisha, atakuuliza imekwisha kwenye kopo au imekwisha nyumba nzima. Kazini walimbandika jina la Ngoja-Kwanza, kwa kuwa hayo ndiyo maneno anayoanzia kila kitu, hata salamu. Mimi ndiye niliyempeleka pale mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote, kisha nikifika nyumbani najifanya nimeudhika kwa niaba ya dada.

Kwetu ni karakana ya viungo vya bandia. Miguu inatengenezwa upande wa kulia wa ukumbi, mikono upande wa kushoto, na mimi nipo katikati, mlangoni, na daftari la wageni na kompyuta yangu. Shemeji alikuwa fundi redio. Alikuja kurekebisha kengele ya mlango, akabaki kwa ajili ya feni, na siku alipoifanya printa iliyogoma mwezi mzima itoe karatasi, mkurugenzi akatangaza kwamba tumepata mtu wa kompyuta. Shemeji aliuliza mtu huyo ni nani.

Dada naye ana mguu wetu, wa kushoto, chini ya goti. Ndani yake umeandikwa 217 kwa wino mweusi, na namba hiyo tunaijua sote nyumbani kuliko namba ya nyumba. Watu hudhani mguu wa bandia ni kupimwa tu. Kupimwa ni siku moja. Kazi ni marekebisho ya kile tunachokiita kikombe, sehemu ya juu ambamo kigutu kinaingia: hapa panabana, punguza, hapa panachubua, ongeza, rudi wiki ijayo. Dada alirudi wiki ijayo kwa miezi minane, ana malengelenge, analia njia nzima, shemeji kamshika mkono huku na yeye analia. Kila rekebisho Fundi wa Miguu aliliingiza kwenye kompyuta yake, mstari juu ya mstari kwenye picha ya kigutu. Kikombe kikichakaa, kinatengenezwa kingine kwa mistari ile ile na mtu anatembea wiki hiyo hiyo. Mistari ikipotea, unaanza upya, malengelenge na yote. Na kikombe cha dada kilikuwa kimeanza kupasuka kwa nyuma.

Kwa hiyo seva yetu kuukuu, mashine inayoziunganisha kompyuta zote, ilipoanza kukoroma, hakuna aliyeogopa kama shemeji. Mkurugenzi, mama asiyependa kusikia neno moja mara mbili, alileta seva mpya na programu ya kuhifadhi nakala. Maelezo yalikuwa mafupi: programu kubwa inaingizwa kwenye seva, halafu kila kompyuta inawekewa programu ndogo, na hiyo ndogo inachukua kazi za mtu na kuzipeleka kwa kubwa kila siku. Kompyuta zilikuwa kumi na nne. Ijumaa saa kumi seva ya zamani ingechukuliwa, na kufikia hapo kila mtu awe na nakala.

Jumatatu asubuhi shemeji alifungua kitabu cha maelekezo akakisoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kila baada ya dakika kumi alikuja mlangoni kwangu.

"Shem, inaniuliza nani mkuu wa mashine hii. Nimejibu mimi. Imekataa."

Nilimwambia hata mimi ningekataa. Akarudi. Akaja tena: sasa ilitaka neno la siri la kufungulia mahali pa kuandikia neno la siri. Akaja tena: ilimpongeza, hajui kwa lipi. Kufikia saa nne programu kubwa ilikuwa imekaa kwenye seva, na yeye mwenyewe hakuweza kueleza imefikaje.

Akaanza na kompyuta ya Vidole. Vidole ni fundi wetu wa mikono, mwanamke mpole mwenye subira ya ajabu, na wiki ile alikuwa likizo, kiti chake kiko wazi. Kitabu kilisema kwamba kabla ya kuingiza programu ndogo, mashine isafishwe: funga kilicho wazi, mwaga kilicho kwenye pipa la taka. Ni kile kipipa kidogo kilichochorwa pembeni mwa skrini, unapotupia usichokitaka. Nilimsikia akiniita kutoka upande wa kushoto wa ukumbi.

"Shem, Vidole ana taka mia tisa na kitu. Hiyo ni kawaida?"

Chai ilikuwa imeshamiminwa na ilikuwa inapoa. Nilikuwa nimechoka na maswali, nasema ukweli. "Taka ni taka, shemeji," nikamjibu. "Futa twende tukanywe chai." Watu wakacheka. Akafuta, tukaenda tukanywa chai.

Mpaka Jumatano jioni kompyuta kumi na tatu zilikuwa na alama ya kijani kwenye seva, na shemeji alikuwa anatembea kifua mbele. Iliyobaki ilikuwa moja, ya Fundi wa Miguu. Iligoma. Ilisema nafasi haitoshi, mashine imejaa.

Shemeji akaifungua kutafuta imejaa nini. Kwenye folda za kazi hamkuwa na kitu. Kwenye uso wa skrini hapakuwa na kitu, pamesafishwa kama sahani iliyooshwa. Alizima, akawasha, akatafuta tena kuanzia juu hadi chini. Mashine imejaa, na haina kitu. Aliyasema maneno hayo siku nzima ya Alhamisi, kwangu, kwa mfagizi, kwa ukuta. Nyumbani, dada aliniambia, alikula chakula chote bila kuketi.

Nilimwambia jambo la maana lilikuwa kumuuliza mwenyewe. Akajibu ameshamuuliza mara tatu na kila mara anatoka akiwa anajua kidogo kuliko alivyoingia. Nikaenda naye kushuhudia. Fundi wa Miguu ni mzee wa maneno machache, plasta hadi kwenye viwiko, na mkurugenzi alikuwa amesimama pale pale akikagua goti la mtu.

"Fundi, shikamoo. Kazi zako ziko wapi kwenye hii kompyuta?"

"Marahaba. Zipo."

"Wapi, Fundi? Mimi sizioni."

Mzee akamtupia jicho mkurugenzi, akarudi kwenye plasta yake. "Zipo mahali salama," akasema. "Kila asubuhi nazitoa, kila jioni nazirudisha. Wewe fanya yako."

Shemeji alitoka akaniuliza kama nimeelewa. Sikuelewa. Tulidhani labda anazibeba kwenye mfuko wa shati. Shemeji hata alitazama mfuko wa shati.

Ijumaa saa tisa waliokuja kuchukua seva ya zamani walikuwa tayari wamekaa kwenye viti vyangu vya wageni. Mkurugenzi alikuja akasimama nyuma ya shemeji, mikono kiunoni. Nami nilikuwepo, kwa kuwa sipendi kupitwa. Mkurugenzi alitaka kujua hizo nyingine kumi na tatu alizifanyaje. Akaeleza. Hii je, amemwaga pipa? Bado, alisema, ile hatua huifanya mashine ikishasema nafasi inatosha, na hii haijasema. Mkurugenzi akavuta pumzi ndefu. Akamwambia amwage, ndilo lililojaza mashine, hata yeye asiye mtu wa kompyuta anaona.

Shemeji akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta moja kwa moja vitu elfu nne mia tatu na kumi na nane.

Mkono wake ukabaki juu ya kipanya.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mtu hana hata faili moja mezani. Taka elfu nne amezitoa wapi?"

Mkurugenzi alisema taka ni taka. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mwingine, nikatabasamu. Shemeji hakutabasamu. Alisema kwa upole kwamba samahani Mama, hajaelewa, na kitu asichokielewa mkono wake unakuwa mzito. Akalifungua pipa.

Zilikuwa namba. Namba tupu, zimejipanga kutoka juu hadi chini, na akateremka nazo polepole: 214, 215, 216. Kisha akaacha kuteremka.

"Shem," akaniita, ingawa nilikuwa begani kwake. "Hebu nisomee hiyo."

Niliisoma kwa sauti: mia mbili kumi na saba, ya dada. Aliitoa 217 kwenye pipa, akaifungua, na kigutu cha dada kikajaa skrini, kovu lake na yote, na ile miezi minane juu yake mstari kwa mstari, kila mmoja na tarehe yake.

Fundi wa Miguu aliitwa. Alikuja akijifuta mikono, akaona kilicho wazi, akajua hakuna pa kujificha. Basi akasema. Zamani tulikuwa na meneja aliyechukia kuona kitu kwenye skrini ya mtu. Kila Ijumaa watu wakishatoka alipita kompyuta kwa kompyuta akifuta, kwamba ofisi si stoo. Mzee alipoteza kazi za wiki nzima, akazitafuta kama mwendawazimu, akazikuta kwenye pipa. Akagundua kwamba meneja anafuta kila mahali ila humo, humo hafungui. Tangu hapo pipa likawa kabati lake. Asubuhi anachokihitaji anakiokota, jioni anakitupa. Meneja aliondoka, mzee hakuona sababu ya kubadili mahali ambapo hapajawahi kumwangusha. Na aliposikia programu mpya inakuja kuchukua kazi za watu, alizidi kunyamaza.

Mkurugenzi alitafuta kiti akakaa.

Tuliziokota zote, elfu nne mia tatu na kumi na nane, tukazihamishia kwenye diski ya pembeni, nafasi ikapatikana, programu ndogo ikaingia, tukazirudisha kwenye folda ya heshima. Saa kumi kasoro dakika chache alama ya kumi na nne ikawa ya kijani. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikauma, maana nilimjivunia kama niliyemzaa.

Yeye hakupiga. Alikuwa amekunja uso, ule uso wa chumvi na kopo.

"Fundi," akasema, "hii njia ya pipa ulimfundisha mtu mwingine?"

"Mmoja tu," mzee akajibu, na macho yake yakavuka ukumbi kwenda upande wa kushoto, kwenye kiti cha Vidole.

Makofi yaliisha yenyewe. Nakala ya Vidole kwenye seva ilikuwa na alama nzuri ya kijani, haina kasoro hata moja, na ndani yake hamkuwa na mkono wa mtu yeyote. Jumamosi na Jumapili shemeji alishinda pale na programu ya kufukua vilivyofutwa. Lakini juu ya vile vya Vidole tulikuwa tumeshaingiza programu mpya. Katika mia tisa na kitu alifukua arobaini na moja, na kati ya hizo zilizokubali kufunguka zilikuwa kumi na mbili.

Jumapili alimpigia Vidole simu, nimesimama kando yake. Alimwambia bila kuzunguka. Nikasikia sauti ya Vidole, ndogo, haina hata hasira.

"Kaka, ulifungua kwanza?"

"Sikufungua."

Nilingoja aseme lililobaki. Aseme alikuwa ameuliza, na kuna mtu alimjibu, na mtu huyo amesimama hapa. Alinitazama mara moja tu, akamwambia tena kwamba hakufungua, kosa ni lake. Nilimpenda na nikamchukia kwa pamoja, na bado sijaweza kuvitenganisha. Vidole alisema atarudi kazini kesho yake, na wa kwanza asubuhi ni mwalimu, mkono wa kulia, mwaka mzima wa marekebisho. Anakuja kwa ajili ya kikombe kipya, na vipimo vyake havimo katika zile kumi na mbili. Yeye, Ngoja-Kwanza, ndiye ampokee.

Jumatatu shemeji alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua daftari, shati limepigwa pasi na dada mpaka limesimama wima. Hatukutaniana. Mwalimu alikuja saa mbili kamili, mkono wake wa bandia ameubeba kwenye mfuko kwa kuwa ulikuwa umeanza kumchubua. Alitusalimu kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kushoto, akasema anashukuru leo ni jambo la siku chache tu, si kama mara ya kwanza.

Shemeji alifungua mdomo. Nikasimama mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "kabla hujakaa. Vipimo vyako vimefutwa, na aliyesema vifutwe ni mimi."

Nyuma yangu nikamsikia akisema ngoja kwanza, shem. Sikungoja. Nilimvutia mwalimu kiti, nikaanza kumweleza tangu Jumatatu, tangu chai ilipokuwa inapoa.