Mishale Yote kwa Mama

Kazi ya mama huyu ni kuchora programu za kompyuta kabla hazijaandikwa: kila kitu na kisanduku chake, na mshale kwenda kwa kile kinachotegemewa. Akiona mishale yote imeishia kisanduku kimoja, ofisi nzima husikia.

“Hiki kikianguka, mfumo wote chali! Gawanyeni kazi!”

Jumamosi moja, kwa mzaha, akachora nyumba yake kwenye ubao wa jikoni. Mishale yote ikaishia kwa Mama. Kumbe kweli mganga hajigangi! Akafuta, akagawa upya.

Jumatatu asubuhi binti yake akapaza sauti, “Mama, soksi zangu ziko wapi?”

“Fuata mshale,” akajibu, akipuliza chai yake.

Mtoto akaufuata mpaka kwa baba, akamkuta kapiga magoti, kichwa uvunguni, anatafuta zake.