Chai Isiyo na Majani

Kijana alipoleta posa hapa Karama, Dubai, nilimwambia mjukuu wangu, "Jibu nitatoa nikishakaa jikoni kwa mama yake." Wakacheka, yeye na kijana wake. Walidhani kaskazini ya Meksiko, kwao kijana, ni mbali mno kwa kikongwe. Mimi nikaenda sokoni Deira kununua iliki na tangawizi, nikafunga sanduku. Mjukuu akanisindikiza, kijana akabaki kazini.

Mji wenyewe mkavu kama huku, ila wao wana mashamba ya matofaa. Waliujenga wazungu wa aina mbili waliohamia zamani: Wamormoni, ndio watu wa kijana, na ng'ambo ya barabara Wamenonite, wafugaji. Mimi nimebatizwa Mmenonite kule Mara, kwa hiyo nilitegemea kuona watu wa kwetu. Nikaona wanaume wekundu wa ovaroli na wanawake wa kofia za ukili, kimya kama wako msibani. Kwetu ibada bila ngoma haijaanza.

Jioni ya kwanza nikapika chai, imekolea majani. Nikampa mama wa kijana kikombe kwa mikono miwili. Akatabasamu, akakisogeza pembeni.

"Hanywi, Bibi," mjukuu akasema.

"Anaumwa?"

"Dini yao. Hawanywi chai wala kahawa."

"Hata ya mgeni?"

"Hata ya mgeni."

Kwetu anayekataa chai yako amekukataa wewe na mtoto uliyemleta. Nikanywa vikombe vyote viwili, nikaenda kulala. Moyoni nimeshasema khalas, hakuna ndoa.

Asubuhi mama yule akatupeleka kununua jibini kwa jirani yake Mmenonite. Mwenye nyumba akatukalisha mezani, akatumiminia kahawa mimi na mjukuu. Mbele ya mama wa kijana akaweka kikombe cha maziwa ya moto. Hakuuliza. Wakaendelea na habari za ndama wao.

"Muulize," nikamwambia mjukuu, "haoni vibaya kahawa yake kukataliwa?"

Swali ilibidi lipitie kwa mama wa kijana mwenyewe, maana mjukuu ana Kiingereza tu, na yeye ndiye aliyejua Kihispania cha kusema na jirani. Alilifikisha huku masikio yamemwiva kwa haya. Mwenye nyumba akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Anasema bibi yake alinuna mwaka mzima," mjukuu akanitafsiria. "Halafu akakumbuka ana ng'ombe."

"Mwambie na mimi ni Mmenonite."

Akanitazama juu hadi chini. "Anauliza mbona huna kofia."

"Muulize mbona hana kitenge."

Nikaondoka na ndoo ya maziwa. Sikumwomba mtu radhi. Nikayachemsha na tangawizi, iliki na sukari, majani sikutia. Mama wa kijana akasimama mlangoni, ananusa. Nikachota kwa upawa, nikamwonyesha: tazama, hakuna jani. Akaketi, akanywa. Akanywa cha pili. Cha tatu alijimiminia mwenyewe, jikoni kwake, kutoka kwenye sufuria yangu.

"Mpigie simu kijana," nikamwambia mjukuu. "Mwambie nimekubali."

Harusi tumeifanyia hapa hapa Dubai. Nilipika sufuria mbili, ya majani na isiyo na majani. Ya pili ndiyo iliyokwisha kwanza, kwa sababu Waganda, walinzi wa hoteli anayofanya kazi mjukuu, waliivamia. Mama mkwe akaja na kikombe kitupu, akanitazama.

Nikawaambia wale walinzi, "Yalla, pisheni. Mwenye chai amefika." Nikabandika nyingine.