Mtu Aliyetutazama Kutoka Kwenye Picha ya Kihindi

Mwanangu, jana ulikaa hapa ukinisimulia ile picha mpya ya Kihindi: mamilioni yaliyomwagwa, farasi, ngome inavyolipuka. Ukaniuliza mbona nimenyamaza. Sikuchukia. Kimawazo nilikuwa nimerudi Majengo, Songea, kwenye alasiri moja ya miaka ile ya ruksa, ambayo mpaka leo ikinijia hugeuka nikaangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, mitumba ikaingia, na pamoja nayo vikaja vibanda vya video. Mjomba wangu Longino alifungua cha kwake mtaani kwetu: chumba kimoja cha matofali, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mchana uwe giza, mabenchi, televisheni juu ya kabati na deki chini yake. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule, sina kazi. Mjomba akanipa yangu, nawe cheka ukitaka: kuhakiki. Mkanda mpya ukija nauangalia kwanza, kisha nakaa mlangoni nawaeleza watu kwamba hii ina ngumi, hii ina kilio, hii usimlete mtoto. Waliniamini, maana picha mbaya nilisema ni mbaya, Mjomba akinung'unika ndani.

Basi siku hiyo ukafika mkanda wa picha kubwa ya mambo ya kale ya huko India. Hadithi ya kutungwa, lakini imetungwa ukaamini. Steringi, shujaa wa picha, ni mchunga tembo wa mfalme. Wageni wenye bunduki wanakuja, wanateka nchi, naye anawakusanya wakulima kupigana. Tembo wanabomoa ukuta. Mto mzima unawashwa moto. Sikuwahi kuona watu wengi kiasi kile ndani ya televisheni. Katikati, wageni wanawanyonga wakulima waliokamatwa, wamepangwa mstari mmoja chini ya boriti ndefu. Steringi, naye akiwa mstarini, anakata kamba ya mikononi kwa meno, anamrukia farasi, na kufumba na kufumbua yuko kwenye bustani ya maua anaimba na mpenzi wake. Niliipenda. Nikatoka mlangoni nikaisifia kwa moyo wote, na siku mbili tatu zile kibanda kilijaa hadi vijana wakakaa chini.

Ndipo akaja Bibi Skolastika.

Alitoka kijijini Mpitimbi, na uzee wake ulikuwa umewapita bibi zetu wote. Alikuja ameshikwa mkono na mjukuu wake, mwanamke mtu mzima. Nikainuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa humu ndani watu wananyongwa."

"Ni picha tu, bibi. Ni mchezo."

"Hata kama. Nataka nione inavyokuwa."

Mjukuu wake akanivuta pembeni akanieleza kwa sauti ya chini. Baba yake Bibi alikuwa mmoja wa wale walionyongwa na Wajerumani hapa hapa Songea, baada ya vita vya Majimaji. Siku hiyo Bibi alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Uso wa baba yake hakuujua, na hakuna aliyeuchora wala kuupiga picha. Siku zile alikuwa anaumwa, na tangu asikie habari za picha hii alikuwa hali chakula vizuri, anataka aletwe tu. "Tumemkatalia," alisema, "akaanza kutembea peke yake kuja mjini."

Nikampa nafasi benchi la mbele, nikakaa ubavuni kwake.

Tembo wakaja, vijana wakapiga kelele. Bibi alitulia, mikono juu ya magoti. Ikafika ile boriti. Vijana, ambao walishaiona, wakaanza kumshangilia steringi kabla hajakata kamba, miluzi juu ya miluzi. Hapo Bibi akainuka, akanyoosha mkono kwenye televisheni, akaita. Aliita kwa Kingoni, kwa neno ambalo mtoto mdogo humwitia baba yake, na kwa sauti ya mtoto mdogo.

Akanigeukia. "Simamisha."

Kijana mmoja nyuma akafoka, "Anasimamisha nani? Tumelipa kiingilio!" Wengine wakaitikia. Mjomba alikuwa mlangoni, akanitikisia kichwa nisithubutu. Benchi likivunjwa, kibanda kimekwisha. Niliwaogopa wale vijana. Lakini mkono wa Bibi ulikuwa umenishika kifundo cha mkono, na ulikuwa wa baridi kama umetoka kisimani. Nikabonyeza deki.

Unajua mkanda ukisimamishwa picha hutetemeka, mistari hupita juu na chini. Ilitetemeka. Steringi alitetemeka, askari, farasi, vumbi. Mwisho wa mstari, nyuma kabisa, alisimama mtu mmoja mwembamba, mmoja wa wale wanaookotwa kujaza watu, ambaye sikuwahi kumwona hata nilipohakiki. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Yeye alikuwa anatutazama. Na yeye, mwanangu, hakutetemeka.

Hakuna aliyepiga mluzi tena. Ndipo tukasikia kamba. Sauti ile ya kamba inapobeba uzito, inalia polepole, inaacha, inalia. Deki ilikuwa imesimama, televisheni haikuwa na sauti. Niliona yule kijana aliyefoka akiinua macho taratibu kwenye paa letu la bati, akatafuta, hakuona kitu, akayashusha haraka. Mjomba alifanya ishara ya msalaba.

Bibi akasogea hadi karibu na kioo. Alizungumza kama mtu anayetoa habari za nyumbani kwa aliyekuwa safarini.

"Mimi ndiye niliyekuwa tumboni. Nilizaliwa salama. Mama alinilea, hakuolewa tena, tulimzika vizuri. Nina watoto, wajukuu ninao. Shamba la mtoni bado tunalima sisi." Akatega sikio kwenye kioo. "Ndiyo. Wote wanajua jina lako."

Kamba ikanyamaza.

Akarudi akaketi, akanigusa goti. "Endelea, mama. Hawa watoto wamelipa."

Nikaachia mkanda. Steringi akakata kamba, akaingia bustanini, akaimba. Kwa mara ya kwanza niliuona ule wimbo ulivyo: watu wameachwa wananing'inia nyuma, wala hatuwarudii hata mara moja, hatuambiwi walikuwa kina nani. Ngome ikalipuka, wageni wakafukuzwa. Hakuna aliyepiga makofi. Vijana walitoka mmoja mmoja, na yule aliyefoka alimshika Bibi mkono mwingine akamsaidia kushuka ngazi.

Kesho yake asubuhi mimi na Mjomba tulifunga mlango tukarudisha mkanda nyuma. Tuliutafuta mstari ule mpaka deki ikapata joto. Wanaume wote walikuwa wameinamisha vichwa. Wa mwisho alikuwa mtu mnene, mwenye kilemba.

Mchana watu waliniuliza mlangoni, "Vipi, picha bado kali?" Mjomba alinikazia macho. Niliwaambia tembo ni wazuri, moto ni mzuri, nyimbo nzuri. Lakini picha hii inawanyonga watu kisha inakwenda kucheza, na mtu wa kuwalilia hayumo. Anayetaka aingie akijua hivyo. Mjomba alidhani nimemfungia kibanda. Badala yake walikuja wazee. Waliingia, wakavua kofia, wakaangalia mpaka kwenye boriti, kisha wakainuka wakatoka bila kungoja mwisho.

Nilikwenda Mpitimbi kumweleza Bibi kwamba mtu wake hatukumwona tena. Nilimkuta anakula ugali. Hakushtuka.

"Alishaniona," alisema. "Abaki humo kufanya nini?"

Hakumaliza mwezi. Nilikwenda msibani, na wale vijana wa mabenchi ya nyuma ndio waliochimba kaburi.

Sasa, mwanangu, sikukatazi picha. Nenda kaangalie, shangilia, sifia kazi ya watu. Lakini utakaposimama mbele za wenzako kusema picha ya vita ni nzuri, usihesabu moto na farasi tu. Tazama na nyuma ya steringi, uwaone wanaoanguka bila jina, ujiulize kama aliyeitengeneza aliwaonea huruma au aliwatumia tu. Na kabla hujapiga mluzi, mwangalie aliyekaa jirani yako, maana hujui kwao ni nani aliyesimama chini ya boriti. Ukiyaona hayo, sema, hata kama mwenye kibanda atanuna.

Mungu akupe macho yanayofika mwisho wa mstari, na ulimi usioogopa kusema kile yalichokiona. Waliotutangulia wakikutazama, wakuone unawajua. Uishi, uzae, ulime, na jina lako liwe na wa kulitaja. Amina.